Salama, Ila

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na kila Januari kazi yangu ya mwanzo ni kuwafundisha watoto salamu. Habari za asubuhi? Nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri. Mtoto akijibu "mbaya," darasa zima hucheka, nami humrekebisha. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa bila kujishuku hata siku moja. Ndiyo maana nasema kosa lililotaka kuivunja nyumba yangu nililifundisha mwenyewe, kwa chaki, ubaoni.

Mume wangu ni askari wa zimamoto. Watu wakisikia zimamoto hufikiria moto tu, lakini hapa Bagamoyo kazi yao kubwa ni barabara, ile inayotoka Dar, na magari yanayokimbizana juu yake. Alipokuwa akirudi kutoka zamu nilimwuliza, "Habari za kazini?" Akajibu, "Salama." Nikamtengea chakula. Mazungumzo yetu ya kazi yalikuwa hayo, na niliyaona yanatosha.

Nilimpenda kwa kelele zake. Mtu huyu akiingia bafuni mtaa mzima unajua. Anaimba taarabu ya kujibizana, anauliza kwa sauti ya kike, anajijibu kwa sauti ya kiume, na ndoo ndiyo ngoma. Mwaka juzi akanyamaza. Akawa anaoga kama mtu anayeiba maji. Na nanasi, ambalo kwetu mtu huzaliwa nalo mdomoni, akawa halitaki. Wiki hiyo mananasi yalikuwa ya kumwaga, kwa sababu lori lilikuwa limepinduka barabarani na watu waliokota mpaka wakachoka. Jirani aliniletea moja. Nikalikata vizuri, nikalitia chumvi na pilipili kama apendavyo. Akaisukuma sahani, akatoka nje. Nikamfuata, "Kulikoni?" Akasema, "Salama tu."

Kisha zikaanza Alhamisi. Alhamisi mchana alikuwa hana zamu. Akawa anapiga pasi shati mwenyewe, anajipaka mafuta, anaondoka, anarudi magharibi macho mekundu na uso umelainika. Jirani yuleyule wa nanasi, ambaye anauza vitumbua na habari kwa pamoja, akanidokeza kwamba amemwona Mapinga mara mbili, akiingia nyumba yenye geti la bluu. Sasa, mwanamume wa Bagamoyo akianza safari za Mapinga, ama ananunua kiwanja, ama ameshajenga na ndani ameweka mtu. Kiwanja sisi hatukuwa na uwezo nacho. Nikajumlisha mwenyewe.

Nilimweleza wifi yangu, dada yake mume wangu. Yeye anakodisha viti vya shughuli na ana kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, anachokiendesha mwenyewe. Nilidhani atamtetea kaka yake. Wapi! Alisimama, akajishika kiuno.

"Ameoa?" akaniuliza. "Na viti amekodi kwa nani?"

Alhamisi iliyofuata, watoto walipotoka shule tu, tukaondoka. Nilijifunga kanga yenye maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyaandika ubaoni. Nyuma ya kirikuu kulikuwa na viti sitini ambavyo wifi hakupata nafasi ya kuvipeleka vinakokwenda. Mapinga tulipokata kuingia kwenye viwanja, kati ya misingi na kuta zisizo na mapaa, watu waliviona viti wakaanza kutufuata. Mama mmoja akauliza, "Jamani, ni msiba au harusi?"

"Bado hatujajua," wifi akamjibu.

Niligonga geti la bluu kwa ngumi. Nilimtarajia msichana mwenye kucha ndefu. Akafungua bibi wa makamo ya mama yangu au zaidi, miwani imemshuka puani, gauni la nyumbani, na lafudhi ya bara. Mdomo wangu ukanisaliti. Ukasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo nikajua nimeshapoteza nusu ya ugomvi. Ukishampa mtu shikamoo, kumtukana kunakuwa kazi. Lakini nilijikaza.

"Mume wangu yumo humu?"

"Mwanangu, siwezi kukwambia nani yumo na nani hayumo."

"Kwa hiyo yumo!"

"Sijasema yumo."

"Basi hayumo!"

"Hilo nalo sijalisema."

Wifi akapiga kelele kutoka kwenye usukani, "Huyu ni mkali, wifi, usimwachie!" Nami nikapandisha sauti, nikataja ndoa yangu, watoto wangu, na miaka niliyompikia. Pazia la mlangoni likafunguka. Mume wangu akatoka, peku, leso mkononi, kope zimelowa. Akanitazama mimi. Akaitazama kanga, akaisoma mpaka mwisho. Akakitazama kirikuu.

"Mwalimu," akasema, "umekuja na viti?"

Akacheka. Ilikuwa miezi mitano sijamsikia akicheka, na mimi, niliyekuja kumwaga radhi, nikabaki nimesimama nikilia kwa furaha mbele ya majirani wa watu.

"Sasa amejitokeza mwenyewe," bibi yule akasema. "Mimi sikumtaja."

Alikuwa mnasihi, muuguzi wa zamani ambaye sasa anawasikiliza watu wa kazi hizo: zimamoto, wauguzi, madereva wa magari ya wagonjwa. Anawapokea nyumbani kwake, mbali na mji, kwa kuwa mjini kwetu ukionekana asubuhi mlangoni kwa daktari wa akili, kufika adhuhuri mtaa umeshakufunga kamba. Mume wangu aliuogopa mtaa. Na mimi aliniogopa, alisema baadaye, kwa sababu mimi ndiye mtaa wenyewe. Sikumbishia.

Nilimwuliza bibi, "Anakueleza nini?"

"Ya humu ni yake. Muulize yeye."

"Nikimwuliza anasema salama."

"Na wewe, u hali gani?"

"Mimi salama."

Akaniangalia juu ya miwani. "Salama, ila?"

Sikujua kwamba nilikuwa na ila. Nilikaa kwenye kiti cha wifi, pale uani, nikamweleza kwamba king'ora kikipita karibu na shule mkono wangu huganda ubaoni, na watoto wamezoea, wananisubiri. Sikuwahi kumwambia mtu. Bibi hakunipa pole. Alisema tu "enhe," nikaendelea. "Enhe," nikaendelea tena, mpaka nikaisha.

Akaniambia nikitaka nije siku yangu, Jumanne, na ya kwangu hatayasikia mume wangu. Kisha akanipa somo, mimi mwalimu. "Salamu si mbaya. Mjibu salama, lakini msifunge mlango, iwekeni ila. Na yeye akiisema, usimkimbilie na pole. Pole ya haraka inamziba mtu mdomo. Sema enhe. Mbona mkisimuliana ya jirani hiyo enhe mnaijua?"

Wifi alicheka mpaka akashika geti.

Yaliyofuata yalikuwa na raha yake na uchungu wake. Wifi, ambaye siri hulala kwake usiku mmoja tu, hii aliishika. Jirani wa vitumbua alipomwuliza, alijibu kwamba kaka yake anajifunza kuoka keki Mapinga. Ikabidi Idi mume wangu aoke keki. Ilitoka ngumu, ya kukatwa kwa panga, na jirani akala vipande viwili huku akimsifu. Shuleni nikabadilisha somo. Mtoto akisema, "Nzuri, mwalimu, ila paka wetu amepotea," darasa zima linaitikia, "Enhe!"

Lakini nyumbani ila haikuja. Kila zamu ilipokwisha niliuliza, akajibu salama, nikasubiri, akaomba maji. Kule Mapinga alikuwa anasema, kwangu hasemi. Niwe mkweli, nikamwonea wivu bibi yule kuliko ambavyo ningemwonea huyo msichana wa kucha ndefu. Niliogopa kwamba nitaishi na mume aliyepona kwa mtu mwingine. Siku moja aliniuliza ninasema nini Jumanne zangu. Nikamjibu, "Ya kule ni yangu," na nilifurahi sana kumjibu hivyo. Bafuni alikuwa ameanza kuimba tena, ila ile sauti ya kike peke yake. Inauliza, haijibiwi, maji yanamwagika.

Halafu alasiri moja alirudi kutoka zamu nikiwa barazani nasahihisha madaftari.

"Habari za kazini?"

"Salama." Akavua kiatu kimoja. Akakishika mkononi muda mrefu. "Ila."

Niliweka kalamu chini.

"Ila yule dereva wa lori la mananasi," akasema, "nilipofika alikuwa hai. Alinishika mkono."

Nikaliona lile nanasi sahanini, na chumvi yake na pilipili yake, nililomtengea kwa mapenzi. Pole ikanipanda mpaka ncha ya ulimi. Nikaimeza.

"Enhe," nikasema.

Akavuta kiti, kimoja katika vile sitini ambacho hatukumrudishia wifi, akakaa. Akaanza mwanzo. Chai ikapoa, adhana ya magharibi ikatukuta palepale, na sikusema neno jingine zaidi ya lile moja.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni napika uji. Bafuni ndoo ikapigwa. Sauti ya kike ikauliza, na ya kiume ikajibu.