Mawe ya Kizimba Changu

Shemeji yangu alipojitolea kunifungia kizimba cha samaki, machale yalinicheza. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na tangu msiba hakuwahi kunisaidia hata kubeba kuni. Halafu ghafla anavua viatu, anaingia bwawani kwa ajili yangu!

Bwawa letu liko bondeni, nje kidogo ya Maretadu. Mvua ikinyesha milimani, kijito kinaingia kwa nguvu upande mmoja na maji yanatokea upande wa pili, kwa hiyo katikati kuna mkondo. Sehemu hiyo ilikuwa ya mume wangu. Kikao cha ukoo kilisema niendelee nayo ilimradi nifuge. Samaki wakinishinda, inarudi kwa kaka mtu. Sasa huyo wa kurudishiwa ndiye aliyekuwa ananifungia mawe ya kuvuta wavu chini. Nilicheka peke yangu, na hakikuwa kicheko cha furaha.

Nyavu alileta yeye, wa kizimba chake na wa changu. Wake ulikuwa wa plastiki ngumu, ukiukunja unakataa. Wangu ulikuwa wa nailoni, laini. "Huu haumchubui samaki, shemeji," aliniambia. Nikamshukuru kwa mdomo tu.

Mvua zilipoanza nilisimama kwenye ubao wa kuvukia, nikaona. Kizimba chake kilitulia wima kama kreti la soda. Changu kilivimba upande mmoja, kitako kikapanda juu, perege wangu wakabanwa kwenye kona wakisuguana. Kila asubuhi naokota waliokufa. Naye kila akipita anauliza, "Samaki hawajambo?" Swali gani hilo?

Niliamini kanipa wavu mbovu makusudi. Lakini sishtaki mtu kwa hisia. Nilichukua mabaki ya nyavu zote mbili, nikayafunga kwenye fito, nikayatumbukiza kwenye mfereji wa shamba la maharage, kila kipande na jiwe chini. Plastiki haikujali. Nailoni ilipinda na kuyumba kama khanga iliyoanikwa, ila jiwe liliishikilia chini. Nilipotoa jiwe tu, ikapanda juu yote. Basi wavu haukuwa na kosa.

Nikarudi bwawani nikavuta kitako cha kizimba changu. Mawe hayapo. Zimebaki kanda za ngozi ya ng'ombe, zimelegea, zinateleza kama utumbo.

Ngozi! Kwetu inafunga kila kitu, kitanda, jembe, hata mlango wa zizi, na ikiwa kavu haikatiki. Lakini tunailoweka kwanza ndipo tunafunga nayo, kwa sababu maji yanailainisha na kuirefusha. Hapa kwetu nani asiyejua hilo? Kuizamisha bwawani ni kuiambia iachie.

Bado nilimpa nafasi. Labda ni mazoea tu. Kama na mawe yake kayafunga kwa ngozi, nitamwomba radhi moyoni na yaishe. Nikaenda kwenye ubao wake, nikalala kifudifudi, nikazamisha mkono hadi kwapani na kupapasa. Kamba ya manila. Nikapapasa pembe nyingine, manila tena, fundo gumu kabisa. Hasira ilinipanda. Mtu huyu siku ile alikula ugali kwangu, akaomba na mboga ya kuongeza.

Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwake. Nikaenda.

"Shikamooni wazee. Shikamoo shemeji."

"Marahaba."

"Mawe ya kizimba changu yamedondoka. Naomba unifungie tena, mbele ya wazee."

"Hamna shida, shemeji," akasema, akainuka upesi. Mkono wake ukaenda kwenye kanda za ngozi zilizoning'inia ukutani.

"Nifungie kama ulivyofunga ya kwako," nikamwambia.

Mkono ukasimama. Akanitazama, kisha akaingia ndani, akatoka na kamba ya manila. Nami nikafungua fundo la kitenge changu, nikaziweka zile kanda zilizolegea chini, miguuni pa wazee.

Baba mdogo wa shemeji, mkubwa kuliko wote pale, aliziokota akazivuta kwa vidole. "Mara ya kwanza ulimfungia hizi?" aliuliza. "Ndani ya maji?"

Shemeji alianza kuipima manila kwenye mkono wake. Akamaliza, akaipima upya.