Mbuzi Hawana Eda

Mume wangu Hamisi husema kwamba mimi nilizaliwa nimesimama, na tangu siku hiyo sijapata kukaa. Hakosei sana. Nyuma ya nyumba yetu, hapa Tiwi, upo mnazi mkongwe ulioinamia chumba cha watoto, na kila upepo ukivuma mimi hutoka nje kuutazama. "Haujaanguka tangu tuoane," huniambia, "sasa wauogopea nini?" Basi asubuhi ile simu ilipolia, nilikuwa nje, shingo juu, naangalia mnazi.

Aliyepiga alikuwa Bi Riziki, jirani wa mama yangu mdogo, kule chini ya Lunga Lunga karibu na mto Umba. Hakunisalimu kwa kirefu kama ilivyo desturi yake. "Mto umekuwa mwekundu," alisema. "Sisi tunahama leo. Mamako mdogo hataki kutoka. Ati yuko edani." Mama Mdogo Mwanakombo alikuwa amefiwa na mumewe, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi za kutulia ndani ya nyumba ya marehemu. Huyo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Nilivaa buibui hata kabla simu haijakatika.

Barabarani nilipata lifti ya gari la mkate. Dereva wake, Njoroge, ni kijana wa bara anayeishi Ukunda, na kila siku huteremka mpaka mpakani akigawa mikate madukani. Nilifurahi kupata usafiri wa haraka. Furaha hiyo iliniishia duka la kwanza. Gari la mkate husimama kila duka, na kila mwenye duka ana la kusema: mkate wa jana ulikuwa mdogo, wa juzi ulipondeka, mtoto wake ameanza shule. Ukunda peke yake tulisimama mpaka nikaanza kumsaidia Njoroge kubeba makreti ili tuondoke upesi.

"Mathe, tulia," aliniambia akicheka. "Mafuriko gani na hakuna mvua? Cheki hiyo jua."

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba jua lilikuwa linawaka kweli. Msambweni watu walikuwa wameanika nguo na muhogo. Daraja la Ramisi tulilivuka juu ya maji mapole, wanawake wakifua pembeni. Nilijiona mpumbavu na bado moyo haukutulia. Mto Umba hautegemei mvua yetu. Huzaliwa milima ya Usambara, ng'ambo ya mpaka, na mvua ikinyesha huko kwa wingi, maji hushuka kwetu siku ya jua kali bila kubisha hodi. Nilimweleza Njoroge hayo. Duka lililofuata alishusha mikate bila kuzima injini.

Lunga Lunga tulifika adhuhuri. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka mpaka, madereva wamejilaza chini ya matela. Nilichukua bodaboda ya kwanza iliyonikubalia. Mwendeshaji wa pili aliyekuwa akisikiliza alimwambia mwenzake, "Mpeleke, lakini usikawie kurudi."

Njiani nilikutana na kijiji kikija. Sina maneno mengine ya kusema. Magodoro yalikuwa vichwani, kuku wamefungwa miguu, bibi mmoja amekalishwa juu ya toroli ameshika redio yake. Hakuna aliyekimbia wala kulia, maana watu wa mto huu wanaijua kazi hiyo. Nilipoingia kijijini niliona nyumba za udongo milango ikiwa wazi, ya mbele na ya nyuma. Mgeni angedhani wameibiwa. Maji yakikuta mlango wazi hupita zake. Yakikuta umefungwa huusukuma ukuta. Magunia ya mahindi yote yalikuwa yamepandishwa darini na kufungwa kamba.

Mlango mmoja tu ulikuwa umefungwa.

Nilibisha hodi. Bi Riziki ndiye aliyenifungulia, jasho linamtoka, naye amekwisha kuhamisha vyombo vyake. Mama Mdogo alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ameuegemeza ukuta wa nyuma karibu na kitanda, amejitanda leso kuukuu, bila wanja wala udi, kama mwenye eda anavyokaa. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitoa?"

"Nimekuja kukuamkia."

"Muongo wewe. Tangu utotoni huwezi kudanganya, pua yatoka jasho."

Nilicheka bila kupenda. Kisha nikamwambia nililoliona njiani, kwamba kijiji kizima kimehama na yeye amebaki kama kisiki. Alinisikiliza kwa upole. Bi Riziki akaongeza kwamba ustadhi wa madrasa alikwisha kuja, akasimama barazani, akamsomea kwamba mjane anaruhusiwa kutoka ikiwa kuna dharura, akamalizie eda yake mahali penye salama.

"Nimemsikia ustadhi, na nampa haki yake," alisema Mama Mdogo. "Ruhusa ya dharura naijua. Lakini dharura ni maji yakifika mlangoni. Yako wapi? Mimi nasikia jogoo tu."

Nilitaka kumkumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini methali hiyo ni yeye aliyenifundisha, kwa kofi. Hasira zilinipanda, na hofu pia. Nikiwa na hofu siwezi kukaa, kwa hiyo nikatoka uani kwenda kuutazama mto. Ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, rangi ya matofali, ukisomba migomba mizima pamoja na mizizi yake. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Wakati wa kurudi ndani nilipita zizini, nikaona ni tupu. Hata kinyesi kilikuwa kimekauka.

"Mama Mdogo, mbuzi wako wapi?"

"Wako mlimani kwa kakake Riziki. Nimewatoa juzi."

"Juzi maji yalikuwa yamefika zizini?"

"Yafike zizini, nimekuwa mwendawazimu? Mbuzi hangojewi maji! Mto ukibadilika rangi tu, wewe mtoe. Ukingoja alowe miguu, atakataa kutembea, na utamwacha afe."

Alisema hayo kwa haraka na kwa ukali, kama alivyokuwa akinifundisha zamani. Kisha akaitazama miguu yake mwenyewe. Bi Riziki alijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Mimi nilibana midomo, jambo ambalo si kawaida yangu.

"Mbuzi hawana eda," alisema mwishowe, sauti imepungua.

"Hawana. Lakini dharura yao wewe umeiona tangu juzi. Ya kwako waitaka mpaka ulowe miguu?"

Machozi yakamtoka. Alisema mumewe alifia pale pale, kichwa mapajani pake, na katika maisha yao yote ya ndoa hakumbuki jambo ambalo marehemu alimwomba akamnyima. "Eda hii ndiyo heshima ya mwisho niliyobaki nayo ya kumpa. Nikitoka kabla haijatimia, watu watasema Mwanakombo alichoka mapema. Tena niende wapi? Shuleni wanakohamia watu kumejaa wanaume."

Nilipiga magoti nikamkumbatia. Wakati huo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa ukaidi. Kijiji kilikuwa na mpango wa mahindi, wa vikongwe, wa waja wazito, hata wa kuku. Mwanamke wa eda hakuna aliyemkumbuka, na yeye mwenyewe hakujikumbuka.

Bi Riziki aliinuka akajipangusa vumbi. "Nani kakwambia utakwenda shuleni? Utakaa kwa kaka yangu, chumba cha uani, na mke wake. Hata jogoo hatakanyaga." Akatoka nje akapaza sauti. Wanawake wanne waliokuwa wamebeba vyombo vyao wakavitua njiani, wakaja.

Kila mmoja alifungua leso yake. Walimzunguka Mama Mdogo, wakazishika pembe kwa pembe, juu kiasi cha mabega, wakawa ukuta. "Nyumba yako hii," Bi Riziki alimwambia. "Tembea ndani yake." Mama Mdogo alitazama kuta zile za rangi, akajitanda vizuri zaidi, akanyanyuka. Kabla hajatoka aliufungua mwenyewe mlango wa nyuma, akaufungua wa mbele, akaibana yote kwa mawe. Tukapanda mlima hivyo, pole pole mno kwa roho yangu, nami nikiwa nyuma nimebeba mkeka wake. Wanaume tuliowakuta njiani waligeuza nyuso zao pembeni bila kuambiwa.

Alasiri ilitukuta tumefika. Kabla ya magharibi maji yalipanda.

Asubuhi nilisimama kwenye mteremko nikatazama chini. Kijiji kilikuwa ziwa la uji mwekundu, maji yameshapungua hadi usawa wa magoti. Nyumba ya Mama Mdogo ilikuwa imesimama, paa lake zima na mahindi yake darini. Ukuta wa nyuma tu ulikuwa umelala, wote, juu ya kitanda na juu ya mahali ulipokuwa mkeka. Nilirudi chumbani kwake nikamwambia jinsi ilivyo, bila kupunguza.

"Alhamdulillahi," alisema. Halafu akauliza, "Mbuzi wamekula?"

Siku ya tatu njia ilipopitika nilirudi Lunga Lunga, nikamkuta Njoroge na makreti yake matupu. "Mathe! Kwani ilinyesha?" aliniuliza. "Hata tone," nikamjibu. Aliniangalia, akanipa mkate uliobaki, nikapanda. Safari nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri kwamba hakuna aliye mjinga wa hatari ya mwenziwe, au ya mifugo yake. Ya kwetu wenyewe ndiyo tunayoitaka ije mpaka mlangoni kwanza, tuamini.

Tiwi nilifika jua likiwa bado juu. Sikuvua hata buibui. Niliingia chumba cha watoto, nikaanza kuburura kitanda chao kukitoa nje.

Hamisi alisimama mlangoni. "Kulikoni tena?"

"Watoto watalala sebuleni mpaka mkwezi aje aukate ule mnazi. Nimekwisha kumpigia."

"Lakini mke wangu, ule mnazi haujaanguka."

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Shika upande huo."

Akashika.