Ndoa Yenye Mlango

Mwanamume aliyetaka kunioa alikuwa na afya njema, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikuwa karani katika bohari la mizigo pale stesheni ya Elisabethville, mtu wa Kasai, mwenye suruali zilizopigwa pasi hata siku za wiki. Kila alipokohoa, hata kwa pilipili ya yaya, dada yangu mkubwa, nilimtazama. Nilijiuliza: ndiyo imeanza?

Mimi nilikuwa mjane. Mume wangu wa kwanza, kijana wa Mokambo, alikufa kwa nimonia kabla hatujamaliza miaka miwili katika kambi ya wafanyakazi. Nyumba ya kambi ni ya mwenye kazi, na maiti hana kazi, kwa hiyo nilifungasha sufuria zangu nikahamia kwa yaya kule sité, mtaa wa Waafrika. Jamaa za marehemu walikuja wakazika, wakapanda gari la moshi wakarudi kwao. Hawakunifungua.

Kwetu mjane hufunguliwa. Zamani alirithiwa na mdogo wa marehemu. Siku zangu ushanga mmoja mweupe ulitosha. Mtu wa ukoo wa marehemu anakufunga mkononi, anakuambia enda, basi. Asipokufunga, marehemu bado ni mume wako, tena ni mume mwenye wivu. Mwanamume atakayekuja baada yake atakohoa, atakonda, atakufa, na aliyemuua ni wewe.

Padri alitufundisha kwamba hayo ni ushenzi, nami niliitikia kwa sauti kuliko wanawake wote wa benchi letu. Lakini katika mtaa wetu palikuwa na mjane aliyeolewa tena bila kufunguliwa. Mume wake mpya alianza kuvimba miguu mvua za kwanza, na mvua zilipokwisha naye alikuwa amekwisha. Wanawake wa bombani walisema, "Alimuua," wakaendelea kujaza ndoo zao. Ndoo yangu ilifurika hadi maji yakanilowesha miguu, sikuona.

Karani alijua kuwa mimi ni mjane. Hakujua kuwa sijafunguliwa. Niliogopa kumwambia, kwa sababu angeweza kucheka, na niliogopa zaidi kwamba angeweza asicheke, akachukua kofia yake akaenda zake. Nilimpenda mtu yule. Mwoga na mpenzi wakikaa ndani ya mtu mmoja, hawamwachi alale.

Jumapili moja tulikaa uani kwa yaya, tukimenya karanga, tuchague ndoa. Kwamba iwe ndogo, hapo hatukubishana. Ubishi ulikuwa ndogo ya namna gani.

"Ku mompe," karani alisema. Hivyo ndivyo tulivyomwita padri. "Messe ya saa kumi na mbili asubui, témoins babili, c'est fini. Saa mbili niko ku kazi." Yaani misa na mashahidi wawili, basi.

Yaya alimwangalia kama aliyetemewa ganda la karanga miguuni. "Na bazee? Tuchinje kuku moja tu, bazee baikale, bakule bukari, babariki. Ndoa bila bazee, ile njo ndoa gani?" Bukari ni ugali wetu, na "njo" kwetu ni "ndiyo".

Ndoa ya yaya niliikimbia mara moja. Niliwajua wazee wetu. Kabla kuku hajaiva wangeuliza: huyu mjane alifunguliwa na nani? Na ndoa ya mompe niliiogopa zaidi, kwa kuwa haina kurudi nyuma. Aliyefungwa na mompe amefungwa hadi kufa, nami kufa ndiko nilikokuwa nakukimbia. Siku karani atakapoanza kukonda, nitafanya nini? Nitakaa pembeni ya kitanda nikimwangalia, mke halali wa kanisa, nikimuua kwa baraka zote?

"Tuende ku tribunali," nikasema.

Tribunali ya sité ilikuwa chumba kimoja chenye waamuzi watatu na kitabu kikubwa. Mnaingia, mnajibu majina, mnaandikwa, mnatoka na karatasi. Mwanamke mwenye karatasi ile, polisi hamsumbui njiani. Lakini mimi sikuitaka kwa sababu ya polisi. Niliitaka kwa sababu mbele ya waamuzi walewale, katika kitabu kilekile, watu waliachana. Karani akianza kuugua, nitakwenda asubuhi ileile nifute jina langu. Atapona, ataoa mwingine, ataniona sokoni ageuze uso. Hilo nilikuwa tayari kulivumilia.

Yeye hakuyajua hayo. Alipangusa mikono kwa kitambaa chake, polepole, kidole kwa kidole.

"Kule bantu banaachana kila siku," alisema. "Ninabaona na macho yangu. Weye unatafuta ndoa iko na mulango, upate kutoka."

Angejua jinsi alivyosema kweli! Alisimama, akamuaga yaya kwa heshima, mimi hakuniaga.

Wiki mbili hakuonekana. Yaya alinisema asubuhi na jioni, kwamba kipofu haonyeshwi njia mara mbili, kwamba wanaume wenye kalamu hawaoti kama uyoga. Nilivumilia hadi maji yakanifika shingoni. Siku ya kumi na tano nilivaa kitenge kizuri nikaenda mwenyewe stesheni, mahali ambapo wanawake hawakuwa na shughuli.

Nilimkuta mlangoni mwa bohari, anahesabu magunia ya unga yakishushwa. Vumbi la unga limejaa kila mahali. Aliniona, akafungua kinywa aseme, na badala ya neno kikatoka kikohozi. Akakohoa, akainama, akakohoa tena. Nikashikwa na kitu ambacho hadi leo nakionea haya. Nilipiga kelele mbele ya wapagazi wote:

"Wacha kukohoa! Wacha!"

Wapagazi walisimama na magunia mabegani. Mmoja akaangua kicheko. Karani alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya bohari, na huko nikamwambia yote, nikilia na kujifuta kwa ncha ya kitenge: marehemu, ushanga, yule mume wa mtaani kwetu na miguu yake.

Kisha akauliza, "Mulango ule, njo sababu yake?"

"Ee. Ukianza kugonjwa, nitoke, upone."

Alicheka, kicheko kifupi kisichofika machoni. "Miye siamini ile mambo," akasema. "Nilisoma. Siamini." Lakini kesho yake yeye mwenyewe alikwenda kuniombea barua ya njia ya kusafiri hadi Mokambo. Na tangu siku ile hadi nilipopanda gari la moshi, sikumsikia akikohoa hata mara moja. Akiwashwa koo alifumba mdomo, macho yakimtoka machozi, akaomba maji. Ndipo hofu yangu ilipozidi, maana sasa tulikuwa wawili.

Njia nzima niliwaza juu ya shemeji, mdogo wa marehemu. Je, akisema mila ni mila, nirithiwe? Kumbe hakuwapo, alikuwa amevuka mpaka kutafuta kazi. Nilimkuta mama mkwe peke yake, anaanika mihogo. Nilipiga magoti mbali kidogo, nikapiga makofi ya salamu. Aliniletea maji ya kunywa. Hakuuliza nimefuata nini. Nilisema huku natazama mchanga.

"Mama, munisamehe. Mulinisahau? Sababu gani hamukunifungula?"

"Hatukukusahau." Aliketi. "Bandugu yake balitaka kukuleteya bushanga. Njo miye nilikatala."

Nilidhani ananichukia, kwamba anataka kila mwanamume nitakayemgusa afe. Nilitaka kukimbia.

"Kama weye uko bibi yake," aliendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo rahisi, "basi yeye iko na bibi. Muntu iko na bibi, iko na nyumba kule Elisabethville. Wakati bantu bananiuliza mutoto yako iko wapi, ninabaambia iko kule, na bibi yake."

Nitamaliza kwanza habari ya ndoa, nisionekane nimeificha. Nilirudi, tukaoana kwa mompe saa kumi na mbili asubuhi, yaya akiwa shahidi, na yaya alichinja kuku wake vilevile. Karani hakufa. Alikohoa mafua yake kama watu wote, akaota mvi, akawa mzee mkaidi. Wanangu huniuliza juu ya ndoa ile, nami nawasimulia juu ya kanisa na kuku.

Siwasimulii jinsi mama mkwe alivyoingia ndani akakaa sana, nami nje nikisubiri nimepiga magoti hadi miguu ikafa ganzi. Alitoka na uzi na ushanga mmoja mweupe. Alijaribu kuutunga, uzi ukapita pembeni. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita pembeni. Mwishoni alininyooshea vyote viwili bila kuniangalia, nikautunga mimi mwenyewe.

Nilimpa mkono. Akafunga fundo moja, akafunga la pili, akalivuta kujua kama linashika. Halafu akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa chake, kama wanawake wanavyofanya siku ya kuzika.

"Enda," akaniambia. "Leo njo mutoto yangu anakufa."