Shikamoo, Toleo la Tatu

Bwana wa intaneti pale stendi ya Masasi hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kana kwamba herufi ni uji wa moto. Mama Abuu, mteja wake wa siku zote, anajua kwamba watu wakipungua tu bwana huyo atairudia kazi yake ya bure: kusahihisha Kiswahili kwenye programu ya watu wa ng'ambo. Masahihisho hayo huyaita kiraka. Cha kwanza kilirudishwa. Mara ya pili akatuma kile kipande tu alichorekebisha, nacho kikarudi. Walitaka kiraka kizima upya, juu kimeandikwa toleo la tatu, chini ameeleza alichobadilisha. Hakununa. Akaandika ulimi nje, akianza, kama kawaida yake, na shikamoo. "Mpaka Wazungu unawaamkia?" Mama Abuu akamuuliza. "Sura siwaoni, mama. Nitajuaje nani kanizidi umri?"

Jibu lilipokuja alilisoma kwa sauti, akilitafsiri taratibu: kiraka kimepokelewa, asante sana, Shikamoo. Mama Abuu akaangua kicheko. "Wamedhani ndilo jina lako! Waandikie uwarekebishe." Yule bwana akapuliza vidole, akavisogeza hadi kwenye kibodi, kisha akavirudisha mapajani. "Marahaba, wanangu," akakiambia kioo cha kompyuta.