Sindano Iliyobaki Kwenye Trei

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nimekaa kwenye benchi la hospitali pale Musoma, kanga mbili zimelowa damu, na mama mkwe amenishika mkono kama mtu aliyeshika mbuzi wa mnadani. Nilikuwa bado binti mdogo. Mume wangu Magesa alifanya kazi kiwanda cha nguo, tumepanga chumba Nyasho. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imetoka jana yake, ya miezi mitatu. Nililia mpaka macho yakavimba, lakini nililia nyumbani. Mama mkwe alipofika kutoka Kiriba alinifuta uso akasema, "Nyangeta, kule hospitali usituaibishe."

Kwetu, wala usicheke, mwanamke alikuwa anapimwa kwa kunyamaza. Ukipiga kelele wakati wa kuzaa utasimangwa ziwani kwenye kuchota maji mpaka mtoto aote meno. Mama mkwe alizaa wanane, na majirani walisema walikuwa hawajuagi kama kuna mzazi ndani mpaka wasikie mtoto. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake, na maskini, hakuwa na nyingine kubwa kuliko hiyo.

Daktari akasema lazima nisafishwe kizazi, maana mabaki yalikuwa bado ndani. Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni foleni, sukari foleni, na dawa ndiyo usiseme. Lakini siku hiyo sindano ya maumivu ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu kwenye trei, pembeni ya pamba. Nesi akauliza, "Tumchome ya maumivu kwanza?" Hakuniuliza mimi. Alimtazama mama mkwe, kwa sababu ndiye mkubwa. Na mama mkwe akajibu bila hata kufikiri, "Wa kwetu hawachomwagi hizo. Wawekeeni watu wa mjini."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mkamwana ambishie mama mkwe mbele ya wageni? Thubutu!

Sitakupambia maneno. Iliuma. Kile chuma kilipokuwa kinakwangua ndani nilikisikia mpaka kwenye meno. Nikang'ata kanga mpaka nikaitoboa. Daktari alikuwa akisema bado kidogo, bado kidogo, na hicho kidogo hakikuisha. Hakuna aliyeniambia kwamba ningeweza kusema basi, subirini. Sikutoa sauti. Nilipotoka mama mkwe akanikumbatia akasema nimemheshimisha. Habari hiyo akaisimulia Kiriba nzima.

Daktari alikuwa ameniambia, ukiona homa au harufu mbaya, rudi upesi. Homa ikaja wiki hiyohiyo, na harufu nayo. Nikaficha. Nilikuwa nafua vitambaa Magesa akishatoka kwenda kazini. Kila nikikiwaza kile kitanda na vile vyuma vya kuwekea miguu, nasema nitakwenda kesho. Na ningemwambia nani? Mwanamke aliyesifiwa kijiji kizima ataanzia wapi kusema anaogopa? Nikanywa mizizi, nikakalia maji ya moto, homa ikaja ikaenda mpaka ikaniacha.

Miaka ikapita, tumbo kimya. Enzi ya ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa, sabuni zikajaa madukani, mitumba ikajaa mtaa wa Mukendo, tumbo langu kimya. Magesa akanipeleka Bunda kwa daktari mmoja mwanamke. Kabla hajanigusa alisema, "Mama, hiki kipimo kinauma. Ukitaka ganzi nitakuchoma. Na ukiniambia niache, naacha." Ee Mungu wangu! Nilianza kulia hajafanya lolote, nikalia mpaka akavuta kiti akakaa. Alipomaliza akaniambia mirija imeziba, na ile homa ndiyo iliyoiziba. Akauliza kwa nini sikurudi hospitali siku zile. Nikamwambia nilikiogopa kitanda. Akainama, akasema polepole, "Ungekuja mapema, mama."

Magesa akaoa mwingine. Simlaumu, basi, namlaumu kidogo. Mimi nikahamia Kiriba kwa mama mkwe, tunalima mihogo, wawili tu.

Uzeeni akaanza kutoka damu, yeye ambaye hedhi ilikwisha siku nyingi. Nikampeleka Musoma. Wakataka kukata kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi wakakipime. Nesi akanitazama mimi, maana sasa mkubwa nilikuwa mimi. "Tumchome ganzi?"

Nikasema, "Muulize mwenyewe."

Mama mkwe aliniangalia. Halafu akasema, "Nichomeni. Jamani nichomeni, naogopa." Akaushika mkono wangu. "Nyangeta, siku ile uliumia?"

"Niliumia sana, mama."

Akalia kwa sauti, wadi nzima ikasikia, na mimi nikalia naye. Majibu yalipotoka ilikuwa kansa, nayo ilikuwa imeshaenea. Tulimzika kabla ya mvua za vuli.

Basi, mwanangu, wewe unayekwenda kupimwa, au kuwekewa kitanzi cha uzazi wa mpango, au kusafishwa kama mimi: uliza watakufanya nini, itauma kiasi gani, na dawa ipi ipo. Wajibu kwa mdomo wako. Ukiumia sema umeumia. Ukitaka wasimame, waambie wasimame. Ukiona homa baadaye rudi, hata kama unatetemeka. Na ukimsindikiza mwenzako mshike mkono, lakini kujibu mwachie yeye. Sijui kama nikisema hivi kuna kitakachobadilika. Wazee wenye sifa kama ya mama mkwe bado wapo kwenye yale mabenchi.

Mungu akulindie kizazi chako, akukutanishe na mikono yenye huruma na watu wanaouliza. Ninakuita mwanangu, na sina mwingine wa kumwita hivyo. Nenda salama, mama, urudi salama.