Uso Nilioufuta kwa Mswaki

Sikulazimishi uniamini, nimechoka kulazimisha watu. Lakini haya yalinipata mimi, mchana kweupe, katika duka la sarafu za kale hapa Dubai, na hadi leo nayabeba usoni.

Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo na kupokea wageni. Siku hiyo sir, mwenye duka, aliniachia sarafu ya fedha ya Warumi niipange kabatini. Upande mmoja tai. Upande wa pili kaizari katazama kulia, kavaa taji la majani, weusi umejaa kwenye mikunjo. Nami nimelelewa Mombasa na nyanya aliyesugua bangili kwa dawa ya meno kila harusi ikikaribia. Nikachukua mswaki, nikaisugua. Ilipong'aa, pua ya kaizari haikuwepo.

Bi Zuhura, Mzanzibari aliyezeekea dukani humo, akachungulia. "Weye, kitu cha kale hakisuguliwi. Weusi ule ndio wanaoununua. Sir akiona, viza yako khalas." Akaenda kuswali.

Mlango ukafunguka. Mzee wa kanzu nyeupe akaketi kiubavu, akitazama kulia. Nikamletea kahawa, nikazunguka nimwone vizuri; naye akageuka nami, taratibu. Wallahi, nilimwona upande ule ule tu. Nywele zilikuwa na alama ya kubanwa, kama na taji. Na penye pua palikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Miaka yote watu wamenijua kwa uso ule," akasema. "Sasa watanijuaje?"

"Samahani, mzee. Nilitaka kukusafisha tu."

"Basi niazime wako."

Wewe ungejibu nini? Nilikuwa zamu ya pili, miguu imevimba, nawaza viza.

"Chukua," nikasema, "mradi sir asijue."

Kiti kikawa kitupu, kahawa haijaguswa. Kwenye sarafu pua ilikuwa imerudi, pana, ya ukoo wetu. Bi Zuhura akarudi, akaitazama, akacheka. "Umetawazwa lini, mwanangu?" Jioni sarafu ikanunuliwa, ikaenda.

Kesho yake ile mashine ya kusaini kazini kwa uso ilinikataa. Sir akanisajili upya asubuhi ile, na iliyofuata, na iliyofuata, hadi akachoka. Viza niliyoiuzia uso ikafutwa vilevile. Sasa nalala kwa binamu yangu mtaa wa Al Nahda, naahirisha safari, kwa kuwa sijui nitapitaje uwanja wa ndege. Mama nikimpigia kwa video huuliza, "Nani mwenzangu?" Nikimtajia jina langu, huniomba nilitaje tena kabla ya kuitikia.

Basi ukikabidhiwa kitu cha kale chenye uso, kiache na uchafu wake. Na kikikuomba chochote, hata ukiwa umechoka vipi, usiseme chukua.