Mikono Yangu Katika Bustani ya Ugenini

Mgeni wetu alikuwa mchongaji sanamu, Mmarekani mweusi, mama wa rika langu. Alipanga chumba cha uani kwetu Marangu, akakijaza udongo wa kufinyanga. Mji wake ulikuwa umempa kazi ya sanamu ya kuwekwa kwenye bustani ya umma: mwanamke mweusi wa enzi za baada ya utumwa, mmoja wa wale waliofua nguo za matajiri mpaka siku walipogoma wote pamoja.

Uso aliumaliza mapema. Mikono ilimshinda. Alasiri moja nikiwa namenya ndizi za supu ya mtori, aliniomba aiige yangu. Nilicheka. Kidole changu cha shahada kimepinda tangu utotoni, kiliponaswa na mashine ya kumenya kahawa.

"Hicho hicho ndicho nakitaka," akasema.

Alituma picha kwao. Kamati ya bustani ikajibu kwamba mikono ni mikubwa mno, kama ya mwanamume. Ailainishe, na kidole akinyooshe. Nilimkuta ameshika kisu cha mti, hajakata bado.

"Nikikataa, kazi watampa mwingine," akaniambia.

Hasira ilinipanda, utadhani wamenitukania mama. "Huyo mama kafua mashuka ya watu maisha yake yote. Waulize walitaka awe na mikono ya nani."

Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kujikongoja, kama naona sawa mikono ya mwanamke wa Kilimanjaro isimamie historia yao.

"Kwani waliochukuliwa utumwani walikuwa watu wa wapi, dada?"

Aliweka kisu chini. Barua ya kukataa aliiandikia mezani kwangu, akanisomea. Wiki nyingi hawakujibu, naye akaendelea kufinyanga vilevile. Alipoondoka hakuwa na hakika ya lolote.

Mwaka huu picha kutoka kwake ikaingia kwenye simu yangu. Sanamu imesimama chini ya miti, shaba tupu, watoto wameikalia miguuni. Kidole kimepinda. Niliteremka Moshi mjini kuisafisha picha hiyo, nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni.

Shemeji yangu alinisihi niitoe kabla ya ibada ya jumuiya nyumbani kwetu, asije mtu akasema tunaabudu sanamu. Sikuitoa. Mzee wa kanisa alipofika nilimwamkia, akaitikia, macho ukutani.

"Hiyo ni sanamu," akasema.

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Karibu ukae."